Mbuzi wa Mjomba

Watu wa Kimanga, mtaa wetu hapa Uvira, wanasema Léocadie ana wivu. Waache waseme, sikatai. Kupenda bila wivu ni kupika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na mimi chakula cha namna hiyo sikijui. Nilimpenda Toussaint, profesa wa historia wa shule ya sekondari, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee karibu ili umsikie. Na kila aliyesogea karibu nilimchunga. Wanafunzi wake wa kike niliwachunga, wauza vitumbua wa mbele ya shule niliwachunga, hata yule mama wa kwaya mwenye umri wa mama yangu. Lakini hao wote walikuwa mchezo. Aliyekuwa akinichoma moyo alikuwa mmoja tu, jina lake Vanessa.

Vanessa kwetu alikuwa dada. Si wa tumbo moja, wala sikujua hasa undugu wetu ulipitia wapi, ila babu yake, Mzee Léopold wa Kalundu, tulimwita mjomba. Kwa desturi ya kwetu, msichana akiolewa, hata dote, yaani mahari, yote ikitimia, kuna mbuzi mmoja wa mwisho ambaye lazima aende kwa wajomba wa upande wa mama. Anafungwa kipande cha kikwembe kipya, kitambaa cha kitenge, shingoni, bwana harusi anamleta mwenyewe, na mjomba mkubwa anapokea kamba kwa mkono wake. Bila mbuzi huyo ndoa inachechemea. Dada yangu Blandine alipoolewa, Mzee Léopold ndiye aliyekalia kiti cha mjomba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaona fahari kuwa na mjomba mwenye nyumba ya matofali.

Wivu wangu kwa Vanessa ulianzia kwenye sahani. Akija kwetu, mama yangu alimpa kichwa cha samaki sangala. Mimi mtoto wake wa tumbo nilipewa mkia. Kila mara! Nikinung'unika, Mama ananikata jicho: "Nyamaza. Ule ni mutoto wa kwa mujomba." Majira ya kupanda muhogo yakifika, Mama analima kwanza shamba la Mzee Léopold, halafu letu. Vanessa alinunuliwa viatu vipya, mimi nikarithi vyake vya zamani. Vanessa alikwenda kusoma Bukavu, mimi nikaenda kujifunza cherehani. Kisha akarudi, mwalimu wa Kifaransa, kucha nyekundu, na katika shule zote za Uvira akaenda kufundisha ileile ya Toussaint wangu.

Mwaka huo Toussaint alitunga mchezo wa kuigiza kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, juu ya vita vya Wamarekani wao kwa wao. Alinieleza siku aliyokuja atelye kwangu, chumba changu cha kushonea, kunipa kazi ya makoti kumi na mawili, sita ya buluu, sita ya kijivu.

"Nchi moja iligawanyika," akasema, ameegemea meza yangu ya kukatia. "Wa kusini walisema watumwa ni mali yao, wamerithi kwa baba zao. Wa kaskazini, si wote walikuwa na roho nzuri, lakini mwisho walisema hapana. Kuna nyumba ambamo mutoto mumoja alivaa buluu, ndugu yake akavaa kijivu."

"Wakapigana?"

"Miaka mine. Watu zaidi ya laki sita walikufa. Mwisho watumwa milioni nne wakawa huru."

"Na wale ndugu wa nyumba moja, walikuja kula sahani moja tena?"

Akaniangalia. Toussaint akikuangalia, ni kama mtu anayesoma barua polepole kwa kuogopa isije ikaisha. Nilisikia joto masikioni.

"Ile njo sijaandika bado," akasema.

"Na nani anakusaidia kuandika?"

"Vanessa."

Pini iliniingia kidoleni. Nikasema aksanti, nitaanza makoti siku ya Ijumaa.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Baba yake Toussaint, mkulima wa kijiji cha Kiringye, alikuwa ameahidi kuja kwetu na watu wake kuongea dote. Siku ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Mara ya tatu Toussaint alinipigia simu, akasema, "Vumilia kidogo, mpenzi, kuna jambo naliweka sawa." Jambo gani? Akakata simu. Na Jumamosi zake tatu mfululizo hakuonekana. Alisema ana mazoezi ya mchezo. Mazoezi yalikuwa Jumatano! Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuwapima watoto makoti, mimi mwenyewe, na futi yangu shingoni. Halafu akaja kuniomba kipande cha kikwembe changu cha manjano chenye ndege wa buluu, kile nilichokichagua mimi kwa sherehe yetu.

"Cha nini?"

"Nataka kumuonyesha mutu rangi yake."

Nikakata, nikampa. Mjinga mimi.

Jumamosi ya nne, saa nne asubuhi, Délice muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akasimama mlangoni pa atelye na beseni lake kichwani. Délice habebi ndagala peke yake, anabeba na habari za mji mzima, na habari zake haziozi.

"Léocadie, weye uko hapa unashona?"

"Unataka nikuwe wapi?"

"Ayi! Basi minye nanyamaza."

"Délice, tua beseni. Sema."

Akatua. Akajifuta uso kwa kanga polepole, ili mimi nife kwanza. "Nimemuona prof wako Kalundu. Ameshuka kwa pikipiki, shati nyeupe, imenyooka. Na mbuzi."

"Mbuzi ya nini?"

"Mbuzi ya rangi ya udongo. Iko na kikwembe mu shingo. Ameingia nayo kwa Mzee Léopold. Na Vanessa njo alimufungulia mulango, amevaa nguo ya kwenda misa."

Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani. Sikuuondoa, cherehani ikaendelea kukimbia peke yake, ikashona mkono wa koti la kijivu juu ya mgongo wake.

"Kikwembe cha rangi gani?"

"Manjano. Na ndege."

Mama weee! Kikwembe changu! Kikwembe changu shingoni mwa mbuzi wa mwanamke mwingine!

"Labda ni mbuzi ya mujomba," Délice akasema, sasa anaogopa uso wangu. "Si Mzee Léopold ni mujomba yenu?"

"Mbuzi ya mujomba inatoka mwisho, dote ikikwisha. Kwetu haijatoka hata kuku. Mbuzi inayotangulia ni moja tu, Délice. Ni ya kubisha hodi. Ameenda kumuomba Vanessa."

Délice akanyanyua beseni lake. Hata bei hakunitajia.

Sikufunga mlango. Nilisimamisha moto, pikipiki ya abiria, koti la kijivu bado mkononi na pini zake zote. Motari akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia, "Bado, lakini atakuwepo." Njia nzima nilikuwa nikihesabu alichonichukulia Vanessa tangu tukiwa wadogo: vichwa vya samaki, viatu, shule, macho ya watu. Vyote nilimwachia. Huyu sitamwachia. Huyu nikimkosa sitapata mwingine, kwa sababu sitaki mwingine, nilimtaka yeye. Nililia, nikajifuta na koti, pini ikanikwaruza shavu.

Nyumba ya Mzee Léopold iko juu kidogo ya barabara ya bandari, na baraza lake linatazama ziwa. Kwanza nilimwona mbuzi. Amefungwa kwenye nguzo, anatafuna ncha ya kikwembe changu bila haraka. Halafu nikawaona watu. Mzee Léopold kwenye kiti chake cha mbao, mikono juu ya fimbo. Kando yake mdogo wake, Mzee Niyonzima, uso umekunjamana. Toussaint mbele yao, katika shati jeupe ambalo nilikuwa nimelipiga pasi mimi! Vanessa amesimama nyuma ya kiti cha babu yake.

Na kwenye mkeka, karibu na mlango, miguu ameikunja chini yake, alikuwa mama yangu.

Mama Marie-Rose katika nyumba hiyo hukaa mkekani. Viti vikiwapo, visipokuwapo, yeye ni mkeka. Nilikuwa nimezoea, nilidhani ni heshima kwa wakubwa.

"Mama," nikasema. "Na weye pia ulijua?"

"Léocadie! Juu ya nini umekuja? Nani amekuita?"

"Ile mbuzi njo imeniita!"

Toussaint akainuka. "Léo, ngoja nikueleze..."

"Kaa chini! Usiniite Léo! Umechukua kikwembe cha harusi yangu ukakivalisha mbuzi yake. Hukuona kingine? Soko nzima ya Kimanga haina kikwembe?" Nikamgeukia Vanessa. "Na weye, mwizi. Ulikula kichwa cha samaki yangu miaka ishirini, sikusema. Nilivaa viatu vyako vilivyotoboka, sikusema. Sasa unataka na bwana yangu? Utashiba lini?"

Vanessa akashika mgongo wa kiti cha babu yake. Alikuwa na machozi, na machozi yake yalinikera zaidi.

Basi nikafanya kitu ambacho hasira ilinituma. Nikampigia Mzee Léopold magoti.

"Mujomba," nikasema. "Weye njo mujomba yangu. Ulikalia kiti kwa Blandine, nilikuona kwa macho yangu. Mujomba anachunga mutoto wa dada yake. Uniamulie. Mjukuu wako ananinyang'anya mume mbele yako, na weye ni damu yangu. Mujomba, usiwaache wanifanyie hivi."

Mzee Léopold alifumba macho.

"Usiniite vile," akasema.

"Vile namna gani?"

"Mujomba. Usiniite tena. Minye si mujomba yako."

"Kaka, nyamaza," Niyonzima akasema upesi. "Tulishapatana. Mutoto asisikie."

"Hatukupatana. Weye ulisema, minye nikanyamaza." Mzee akafumbua macho, akaniangalia mimi niliye magotini. "Inuka, mwanangu. Ile mbuzi si ya Vanessa. Ni yako. Ni mbuzi ya mujomba, na imekuja mbele ya dote, juu ya sababu huyu bwana ameileta tuikatae."

Sikuelewa. Nilibaki palepale.

"Jina lako la pili ni nani?"

"Faida."

"Unajua ulilitoa wapi?"

"Ni la nyanya wa nyanya ya Mama."

"Ndiyo. Wakati ule misafara ilikuwa inashuka hapa na pembe na watu, inawavusha kwenda Ujiji. Babu ya baba yetu alinunua musichana hapa pwani. Miaka tisa, labda kumi. Hakujua hata kuonyesha kwao iko upande gani. Wakamuita Faida. Alikulia mu nyumba yetu, alilima, alizaa. Binti yake alipoolewa, watu wakauliza, mbuzi ya mujomba itaenda wapi? Mutu wa kununuliwa hana wajomba. Babu akasema, italetwa kwangu. Toka siku ile inaletwa." Akapumua. "Wazungu walikuja wakasema utumwa umekwisha. Mapadri wakasema umekwisha. Uhuru ukakuja. Mbuzi iliendelea kuja tu, na sisi tukaendelea kuikula. Ya Blandine pia niliikula."

Nilimwangalia Mama. Mama aliangalia vidole vya miguu yake, na hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwangu: mkeka, shamba la muhogo, viatu, na vichwa vyote vile vya sangala. Kumbe haikuwa kwamba Mama alimpenda Vanessa kuliko mimi. Mama alikuwa akilipa kitu ambacho hakukikopa.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Léocadie? Mama yangu aliniambia siku ya harusi yangu, na sikuisikia tamu ile harusi. Nilitaka weye uisikie tamu yako."

Hapo nililia, lakini si kwa wivu. Toussaint alisogea, akachuchumaa karibu yangu, hakunigusa mbele ya wazee. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Baba aliuliza mbuzi ya mujomba itapelekwa kwa nani. Mzee mumoja wa Kiringye akamucheka, akamueleza. Baba akasema, siwezi kutoa mali mara mbili, moja kwa wazazi wa bibi harusi, moja kwa bwana yake wa utumwa. Hii nyumba ikipokea mbuzi, ndoa haipo. Jumamosi zote nilikuwa hapa, Léo. Niliogopa ukijua utaona haya."

"Haya ni yangu, ao yao?"

Aliniangalia tu, na mimi, na machozi yangu yote, nikafurahi kwamba ananiangalia mimi na Vanessa anaona. Ndivyo nilivyo.

Mzee Niyonzima akasimama. "Mumemaliza? Sasa na minye niseme. Baba yetu alipokea ile mbuzi. Babu alipokea. Tukiikataa leo, tunawaita wezi mbele ya wageni. Sisi hatukumutesa mutu. Faida alilishwa hapa, alivikwa hapa. Huyu Marie-Rose nani anamupiga? Tunamuita mutoto wetu!"

"Mutoto wetu anakaa kwa mukeka," Vanessa akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza afungue kinywa.

"Weye nyamaza! Nyumba hii imepasuka toka ulipoanza kuleta habari za shule. Wiki tatu minye na kaka yangu hatujakula pamoja. Wiki tatu! Kwa mbuzi moja!"

"Kama ni mbuzi moja tu," nikasema, "iachilie."

Niyonzima akaniangalia kana kwamba kiti ndicho kilichosema. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kumjibu. Nikainuka kutoka magotini, nikasimama, nikakung'uta vumbi.

Mzee Léopold alikuwa ameshainuka. Alikwenda kwenye nguzo, hatua kwa hatua, akafungua kamba. Vidole vyake vilihangaika na fundo, na Toussaint alipotaka kumsaidia alimzuia kwa kiwiko. Fundo likafunguka. Akamvuta mbuzi mpaka mbele ya mkeka.

"Marie-Rose," akasema. "Sisi si wajomba wa mutoto wako. Sisi ni wajukuu wa mutu aliyemununua nyanya ya nyanya yako. Mbuzi hii naikataa. Na ya Blandine, na yako, na ya mama yako, na ya nyanya yako, kama ningeweza kuzitapika ningezitapika. Shika kamba yako."

"Ukimupa ile kamba," Niyonzima akasema, "minye mulango wako sitaupita tena."

"Mudogo wangu."

"Sitaupita."

Wazee hao wawili walitazamana. Walikuwa na paji la uso moja, masikio yaleyale. Nikakumbuka mchezo wa Toussaint, ndugu mmoja buluu na mwingine kijivu, na koti la kijivu nilikuwa nimelishika mimi mwenyewe. Mzee Léopold alinyoosha mkono wenye kamba, macho bado kwa mdogo wake. Mama aliichukua. Alichelewa, lakini aliichukua.

Niyonzima akachukua kofia yake, akashuka ngazi, akafungua geti na kuliacha wazi. Mzee Léopold alimwangalia mpaka alipokata kona ya bandari. Kisha akakaa, akalia kama wanavyolia wazee, bila sauti.

Vanessa alinikamata mkono. "Njoo jikoni."

Nilimfuata, kwa sababu kazi yangu na yeye ilikuwa haijaisha. Jiko lao liko nje, nyuma ya nyumba, na sangala mzima alikuwa kwenye sufuria anachemka na nyanya na vitunguu. Akaweka kuni. Mimi nikabaki nimesimama, mikono nimeifunga.

"Nisamehe kwa neno la mwizi," nikasema.

"Usiombe samahani upesi." Alikuwa ananipa mgongo. "Niulize kwanza."

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Nilijua. Mwanamke mwenye wivu anajua. "Unamupenda?"

"Ndiyo."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumwaga sufuria. "Tangu lini?"

"Tangu mazoezi ya kwanza. Alipokuja hapa kunieleza shida yenu, nilijua babu na Niyonzima hawatakataa mbuzi, hawajawahi. Nikajisemea, Vanessa, funga tu kinywa. Mbuzi itapokelewa, baba yake atavunja ndoa, Léocadie atakasirika, na Toussaint atabaki peke yake hapahapa, na mazoezi ni kila Jumatano." Akageuka. "Nilinyamaza siku mbili, Léocadie. Nisikudanganye. Siku mbili nzima nilikuwa nikifurahi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu mama yako alikuja kulima. Nilikuwa dirishani na kikombe cha chai. Aliniona, akanisalimia shikamoo, karibu apige goti. Minye, mwenye angeweza kuwa mutoto yake." Akafunika sufuria. "Minye nilijua toka niko na miaka kumi na mbili juu ya nini napewa kichwa cha samaki. Nilikuwa naona haya. Lakini nilikuwa nakula. Basi nikaenda kwa babu."

Sangala alichemka. Sikumkumbatia, nisije nikawadanganya. Nilimwonea huruma, nilimheshimu, na bado nilitamani mazoezi ya mchezo yahamishiwe atelye kwangu, mbele ya macho yangu.

"Jumatano nitakuja kupima makoti," nikasema.

"Makoti si umeshayapima?"

"Nitayapima tena."

Akacheka huku analia, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Tulipotoka na sufuria, kiti cha Niyonzima kilikuwa bado kitupu. Toussaint alikuwa akimwambia Mama kwamba baba yake atakuja Kimanga Jumamosi ijayo na watu wake, na dote, bila kuchelewa tena. "Shida moja tu," akasema. "Siku ya harusi, kiti cha mujomba. Nani atakikalia?"

Mama alikuwa amesimama na kamba mkononi. Alikiangalia kile kiti cha Niyonzima. Akaangalia mkeka wake. Halafu akafunga mbuzi kwenye nguzo, akaja, akakaa kitini, nusu ya mwili tu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

"Minye," akasema.

Mzee Léopold aliinamisha kichwa, akakubali.

Meza ikasogezwa, nikaketi kwenye kiti karibu na Toussaint, karibu kuliko ilivyo adabu. Chini ya meza kidole chake kidogo kikagusa changu, hakikuondoka.

Ugali ukagawanywa. Kwa mazoea, Vanessa alimletea Mama sufuria na mwiko, maana Mama ndiye aliyepakua sikuzote, hata katika nyumba ya kina Vanessa. Mama akainua kichwa cha sangala, kizima, na macho yake na mashavu yake, mchuzi unadondoka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya Vanessa, miaka yote hiyo mkono unajua njia. Juu ya sahani ukasimama.

Mchuzi ukadondoka kwenye ugali wa Vanessa.

Mkono ukarudi, ukapita mbele ya Mzee Léopold, ukapita mbele ya Toussaint, ukaweka kichwa kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu," Mama akasema.

Najua mnachotarajia. Mnatarajia niseme nilikigawa, nusu yangu, nusu ya dada yangu aliyeniokoa. Hapana. Nilikula macho, nikala mashavu, nikanyonya mifupa mmoja mmoja mpaka ikawa myeupe. Vanessa alikuwa mbele yangu na mkia wake, ananiangalia, anatabasamu. Sikumwachia hata mwiba.